UFA HUZIBWA KWA ELIMU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna mtoto wa pwani asiyeijua methali hii. Husemwa mtu anapopuuza ugomvi mdogo nyumbani, au deni dogo dukani, au tabia mbaya ya mtoto angali mchanga. Lakini kabla ya kuwa nasaha ya malezi, methali hii ilikuwa nasaha ya uashi. Ilitoka vinywani mwa watu waliokaa katika nyumba za mawe na kuziangalia kila baada ya mvua za masika.

Ndugu msomaji, hebu tuitazame tena. Methali imetwambia tuzibe ufa, wala haikutwambia tuuzibe kwa kitu gani. Wazee hawakuona haja ya kulisema hilo, kwani siku zile kila mtu alilijua: ufa wa ukuta wa mawe na chokaa huzibwa kwa chokaa. Leo jambo hilo halijulikani tena kwa kila mtu. Matokeo yake ni kwamba ziko kuta za kale katika pwani yetu zilizobomoka kwa kuachwa, na ziko nyingine zilizobomoka kwa sababu watu wema walikusanya fedha, wakaita fundi, wakaziba ufa kwa kitu kisichofaa. Hawa wa pili ndio wa kuhurumiwa zaidi, kwa kuwa nia yao ilikuwa njema. Kilichokosekana ni elimu.

MAWE YA TONGONI

Mtu akitoka Nguvumali akashika njia ya Pangani, mwendo wa kiasi cha kilomita 17 kusini mwa mji wa Tanga, atafika Tongoni. Hapo pana magofu ya msikiti wa mawe na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yakiwa na nguzo ndefu juu yake kama ilivyokuwa desturi ya watu wa pwani katika kuwaheshimu wakubwa wao. Mahali hapa ndipo palipoitwa Mtangata. Wareno walipajua, mwaka 1498 moja ya merikebu za Vasco da Gama, iliyoitwa São Rafael, ilikwama katika mafungu ya bahari karibu na hapo, na katika safari ya kurudi, Januari 1499, wenyewe waliichoma moto papo hapo kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha.

Merikebu ile haipo tena. Kuta za msikiti, ijapokuwa zimekwisha kupoteza paa, sehemu zake zingali zimesimama. Basi twapaswa kujiuliza: ni nini kilichozishika kuta hizi kwa mamia ya miaka, karibu na bahari, katika upepo wa chumvi, bila chembe ya saruji wala kipande cha chuma?

Jibu ni mawe ya bahari, chokaa, na mkono wa mtu aliyejua kazi yake.

CHOKAA YA WAZEE

Waashi wa pwani walikuwa na mawe ya namna mbili. La kwanza ni jiwe gumu lenye matundu, lililochimbwa nchi kavu katika miamba ambayo zamani ilikuwa chini ya bahari. Hilo lilijengea kuta. La pili ni tumbawe laini lililokatwa baharini lingali bichi. Tumbawe likiwa bichi huchongeka kwa urahisi, na likikauka hewani huwa gumu. Kwa hiyo lilitumika kwa mihrabu, miimo ya milango na nakshi.

Cha kuyaunganisha mawe hayo kilitokana na mawe yenyewe. Magogo yalipangwa duara, vipande vya mawe vikawekwa juu yake, kisha tanuu likawashwa. Moto unapofikia joto la kiasi cha digrii 900, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyomo ndani yake na kubaki jepesi, jeupe na lenye ukali wa kuunguza ngozi. Hapo humwagiwa maji ili lizimike. Hutokota lenyewe na kuvunjika kuwa unga au uji mzito. Fundi aliyejua kazi hakuitumia chokaa siku hiyo hiyo. Aliifunika na kuiacha muda mrefu ili kila punje izimike, kwani punje isiyozimika huja kufura ndani ya ukuta na kuipasua lipu.

Kisha chokaa ilichanganywa na mchanga, na mara nyingine udongo mwekundu. Ikishakuwa ukutani huanza kuvuta tena kutoka hewani ile hewa iliyofukuzwa na moto, polepole, kwa wiki, miezi na miaka, hata irudie kuwa jiwe. Hii ndiyo ajabu ya chokaa: hutoka katika jiwe, ikapita katika moto na maji, ikarudi kuwa jiwe.

Hata zege halikuwa geni kwetu. Paa la nyumba ya mawe lilitandazwa juu ya boriti za mikoko, na upana wa vyumba vyetu vya kale, usiozidi sana mita 3, ulitokana na urefu wa boriti hizo. Juu ya boriti zilipangwa kokoto za mawe na chokaa, kisha zikapondwapondwa kwa vigongo siku nyingi, watu wakiimba ili mkono uende pamoja. Unguja ya karne ya 19 ilijulikana kwa kazi hiyo. Wala tusifiche kwamba wengi wa walioponda dari za matajiri walikuwa watumwa. Elimu iliyomo katika kuta zile ni yao pia, ingawa majina yao hayakuandikwa mlangoni.

Na kutengeneza nako ni jambo la kale. Tarehe ya Kilwa yaeleza kwamba Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uliporomoka, ukajengwa upya katika karne ya 15, zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad. Nguzo za mwanzo zilikuwa za tumbawe lililochongwa kipande kimoja. Waliokuja kuutengeneza waliweka nguzo za mawe madogo yaliyounganishwa kwa chokaa, na nguzo hizo ndizo azionazo mgeni leo. Hawakuiga kila kitu cha waliotangulia. Bali walikijua vyema kitu walichokuwa nacho mkononi.

SARUJI YAFIKA

Mwaka 1824 mwashi wa Kiingereza, Joseph Aspdin wa Leeds, alipata hati ya kumiliki ufundi wa kutengeneza saruji aliyoiita Portland. Saruji ya siku hizi hufanywa kwa jiwe la chokaa na udongo wa mfinyanzi, vilivyochomwa pamoja kwa joto la kiasi cha digrii 1,450 na kusagwa. Hapa kwetu kiwanda cha Wazo, Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966, na Kampuni ya Saruji ya Tanga iliundwa mwaka 1980, kiwanda chake kikiwa Pongwe. Ni neema kubwa. Nyumba, shule, zahanati, madaraja na visima vya nchi hii vimesimama kwa saruji. Hatuna sababu ya kuitukana.

Lakini kila dawa ina ugonjwa wake. Ukuta wa mawe ya bahari hunywa maji. Huyanywa kutoka ardhini, huyanywa kutoka mvuani, kisha jua likitoka huyatoa nje kupitia katika lipu ya chokaa, ambayo ni laini na yenye vinyweleo. Ukuta huo waweza kusemwa kuwa unapumua. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pumzi. Maji huingia kwa chini na katika nyufa nyembamba, wala hayana pa kutokea. Hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, yakichukua chumvi pamoja nayo. Chumvi hiyo hukauka nyuma ya lipu, ikawa fuwele zinazovimba na kulisaga jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza kwa unyevu, na boriti ikioza dari huteremka.

Kwa nje mtu haoni kitu. Ukuta hung'aa, na kamati hushukuru. Baada ya miaka kadhaa lipu hubanduka kwa vipande vikubwa, na nyuma yake mna unga. Saruji imebaki kama kaka la yai ambalo kiini chake kimekwisha kunyonywa. Hapo watu husema, "Msikiti umezeeka, tuuvunje." Mihrabu iliyochongwa na mikono ya karne nyingi huenda na kifusi, na msikiti wenyewe haukuwa na kosa.

CHUMA NDANI YA ZEGE

Pengine msomaji wa Nguvumali atasema: "Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji na zege, hayo ya mawe ya bahari yanihusu nini?" Yanakuhusu, ndugu yangu, kwani chumvi haichagui.

Zege jipya huzilinda nondo zilizomo ndani yake kwa ukali wa saruji. Lakini hewa ya ukaa huingia kidogo kidogo na kuupunguza ukali huo. Na chumvi, ikiwa imeletwa na upepo wa bahari au imechanganywa tangu mwanzo kwa kutumia mchanga wa pwani usiooshwa na maji ya kisima chenye chumvi, huufikia ule ulinzi na kuuvunja. Nondo ikishika kutu huvimba. Kutu huchukua nafasi mara mbili hata mara sita ya chuma kilicholiwa. Zege halina nguvu ya kuhimili msukumo wa ndani. Hupasuka kwa mstari unaofuata nondo, kisha hubanduka na kuanguka, mara nyingine juu ya waliolala.

Ufa wa namna hii haufichwi kwa kupakwa saruji juu yake. Fundi mwenye elimu kwanza huegemeza mihimili, ili dari isimwangukie. Hugonga zege kwa nyundo asikilize: palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipooza hulia bubu. Huondoa lote lililooza, akapita mpaka nyuma ya nondo, si mbele yake tu. Husugua nondo kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe kionekane, na iliyoliwa sana huongezewa nondo nyingine pembeni. Huosha kwa maji matamu, hulowesha zege la zamani, kisha hujaza kwa mchanganyiko mzuri wa saruji na mchanga safi wa mtoni, usio na maji mengi, akaushindilia. Mwisho huufunika kwa magunia ya maji kwa muda usiopungua siku saba. Na anayejenga upya karibu na bahari hahesabu haba: nondo zake huzifunika kwa zege la sentimita 4 au 5, tena lililoshindiliwa vizuri.

Mfano wa kutuonya uko Unguja. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilichanganya mawe ya bahari na chuma kutoka ng'ambo. Lilikuwa fahari ya Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2012 sehemu yake moja iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Jengo lililougua muda mrefu halina huruma kwa anayelishika. Na kulichelewesha tiba ni kuwawekea deni mafundi watakaokuja, deni ambalo huenda wakalilipa kwa roho zao.

ELIMU ILIYOREJEA

Yapo pia ya kutia moyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakaandikwa kuwa yamo hatarini. Mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Wageni na fedha zao walisaidia, lakini kazi yenyewe ilihitaji mikono ya watu wa hapo, waliofundishwa kuchoma chokaa, kuizima, kuichanganya na kuitia katika kuta za wazee wao. Elimu iliyotoka Kilwa ilirudi Kilwa.

Unguja nako, zahanati ya kale ya Tharia Topan iliyo mbele ya bandari ilitengenezwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, na kazi ile ikawa darasa: waashi na maseremala wa Kizanzibari walijifunza tena chokaa na nakshi, wakaenda nazo katika majengo mengine ya Mji Mkongwe.

Katika mifano yote miwili twaona jambo moja: fedha zilipokutana na elimu, jengo lilisimama. Fedha peke yake ndizo hizo hizo zinazonunua saruji ya kuuziba ukuta pumzi.

KUNGA YA FUNDI

Basi elimu hii ilipoteaje? Sababu moja ni kwamba saruji hukauka upesi, na chokaa yataka subira. Sababu ya pili ni kwamba nyumba ya chokaa ilionekana ya kizamani na ya saruji ya kisasa. Lakini sababu iliyo nzito zaidi imo ndani yetu wenyewe: fundi alificha kunga yake.

Tusimlaumu bila ya kumsikiliza. Kunga ndiyo shamba lake. Aliogopa kwamba akimfundisha jirani leo, kesho jirani ataitwa kazini na yeye atabaki barazani. Akamfundisha mwanawe tu. Mwanawe akaenda mjini kutafuta kazi ya ofisini. Mzee akafariki, na kunga ikazikwa naye. Msomi naye ana namna yake ya kuficha. Hupima ukuta, huandika ripoti nene kwa lugha ya kigeni, na ripoti hulala katika kabati la ofisi iliyo mbali, wakati mwashi anayeushika ukuta ule kila siku hajapata hata ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kumweleza kilichogunduliwa.

Katika dini yetu elimu ni amana. Mtume (s.a.w.) alimwonya vikali mtu anayeulizwa jambo alijualo akalificha. Wala haikukusudiwa kwamba ufundi wa mikono udharauliwe. Wapokezi wa hadithi wametusimulia habari za Talq bin Ali, mtu wa Yamama, aliyefika Madina wakati Msikiti wa Mtume ukijengwa. Masahaba wakubwa walikuwapo, wenye daraja kuliko yeye. Lakini Talq alijua kukanda udongo. Mtume alipoiona kazi ya mkono wake aliipenda, akaamuru aachiwe yeye udongo, kwa kuwa ndiye aliyeujua zaidi. Tazama, ndugu msomaji! Katika ujenzi wa msikiti ule mtukufu, mgeni alitangulizwa katika udongo kwa sababu ya ujuzi wake tu. Je, kamati zetu humtanguliza anayeujua udongo, au humtanguliza aliye ndugu, au aliyetaja bei ndogo?

LINALOTUPASA

Mambo machache yanawezekana hata pasipokuwa na mfadhili.

Kwanza, msikiti wa kale usiguswe kabla ya kujulikana umri wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Wenye kusimamia wakfu wapate kwanza ushauri na ruhusa ya idara inayohusika.

Pili, ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Sehemu moja ya chokaa iliyozimwa vizuri kwa sehemu tatu za mchanga safi ni kipimo cha kuanzia. Lipu iwe nyembamba, tabaka baada ya tabaka, ikilindwa na jua kali kwa magunia yaliyoloweshwa. Kila mwaka ukuta upakwe chokaa nyepesi, ambayo kazi yake ni kuliwa na mvua badala ya jiwe. Mti ulioota ukutani using'olewe kwa nguvu. Ukatwe shinani, mzizi uuawe ukauke, ndipo utolewe na pengo lijazwe.

Tatu, tusirudi baharini kuvunja matumbawe, wala tusifyeke mikoko kwa ajili ya tanuu. Matumbawe ni nyumba ya samaki na ngome ya fukwe zetu. Mwenyezi Mungu ameijaalia Tanga jiwe la chokaa nchi kavu, lile lile ambalo maji yamelichimbua mapango ya Amboni, na chokaa yake yapatikana.

Nne, kila msikiti na kila chama cha mafundi kiwe na daftari la matengenezo: siku gani, ukuta upi, mchanganyiko gani, nani alifanya kazi, na baada ya miaka mitano kazi ile ina hali gani. Kazi iliyoharibika iandikwe pia, ili mwingine asiirudie. Daftari la kurasa mia ni ghali kidogo kuliko mfuko mmoja wa maandazi, lakini laweza kuokoa ukuta wa miaka mia tano.

Tano, fundi mzee alipwe kwa kufundisha kama anavyolipwa kwa kujenga. Tukimlipa hivyo, kunga haitakuwa shamba analoogopa kunyang'anywa. Itakuwa mnazi unaomlisha yeye na wanafunzi wake pamoja. Elimu haipungui kwa kugawiwa. Na mwalimu huyo, akishaingia kaburini, kila ukuta utakaosimamishwa na wanafunzi wake ni sadaka yake inayoendelea.

Wazee wa Tongoni walituachia kuta, wala hawakutuandikia namna zilivyojengwa. Watakaokuja baada yetu wataikuta saruji yetu na nondo zetu, nao watauliza maswali kama haya tunayouliza. Tuwaachie majibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na mikono isiyochoka kuifundisha. Amin.